Kuchagua maziwa ya supamaketi ukiwa Ujerumani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa sisi tuliokulia kwenye maziwa ya kupimiwa na muuza maziwa wa baiskeli, rafu ya maziwa ya supamaketi ya Ujerumani inaweza kumsimamisha mtu robo saa nzima. Rangi nyingi, picha za milima, maneno marefu. Nimeishi huku miaka ya kutosha kupokea wageni wengi kutoka Tanzania na Kenya: wanafunzi, dada waliokuja kusomea uuguzi, familia zilizofuata baadaye. Maswali yao ni yale yale, na mengi niliyauliza mimi mwenyewe nilipofika. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba jina la kampuni lina uzito mdogo. Maziwa hutofautiana kwa moto yaliyopitia na kwa mafuta yaliyobakizwa ndani. Ukijua kusoma hayo mawili, na ukijua unakwenda kuyafanyia nini nyumbani, rafu inakuwa nyepesi.

Nikifika kwenye rafu, nisome nini kwanza?

Namba. Kila paketi ina asilimia ya mafuta, na Wajerumani huandika mkato mahali ambapo sisi tunaweka nukta, kwa hiyo "3,5 % Fett" ni asilimia 3.5 ya mafuta. Maziwa kamili huitwa "Vollmilch", nayo huwa na asilimia 3.5 au zaidi. Mengine hufika 3.8. "Fettarme Milch" yamepunguzwa mafuta hadi kati ya 1.5 na 1.8. "Magermilch" au "entrahmte Milch" yameondolewa karibu mafuta yote, yamebaki 0.5 au chini ya hapo.

Rangi ya paketi usiitegemee. Nchini Uingereza watu huenda na rangi ya kifuniko, lakini hapa kila kampuni ina rangi zake, na bluu ya duka moja inaweza kuwa maziwa kamili huku bluu ya duka la pili ni yaliyopunguzwa. Soma namba.

"Frischmilch", "länger haltbar" na "H-Milch": tofauti ni nini hasa?

Tofauti ni moto. Maziwa ya kwanza, ambayo paketi yake huandikwa "traditionell hergestellt", yamepashwa nyuzi 72 hadi 75 za Selsiasi kwa sekunde 15 hadi 30. Hukaa kwenye friji ya duka na hudumu siku saba hadi kumi hivi kabla ya kufunguliwa. Haya ndiyo yenye ladha iliyo karibu zaidi na maziwa ya nyumbani.

"Länger haltbar" yamepashwa moto mkali zaidi kwa muda mfupi, au yamechujwa kwenye vichujio vidogo mno vinavyozuia bakteria, kisha yakapashwa kidogo. Nayo hukaa kwenye friji, lakini hudumu wiki tatu hivi. Angalia vizuri, maana neno "frische" huandikwa pia kwenye paketi hizi. Mtu anadhani amechukua ya kwanza, kumbe amechukua haya. Si hasara kubwa, ila anayetafuta ladha ile ya nyumbani atajua tofauti.

"H-Milch" ndiyo yanayopangwa nje ya friji, mara nyingi kwenye maboksi ya paketi kumi na mbili. H ni "haltbar", yaani yanayodumu. Yamepashwa nyuzi 135 au zaidi kwa sekunde chache tu, yakafungwa kwenye paketi isiyopitisha hewa wala mwanga.

Maziwa gani hukaa miezi nje ya friji? Si yamewekwa dawa?

Hayajawekwa. Swali hili huulizwa kwa hofu ya kweli, na nilikuwa nayo pia, kwa sababu tumezoea kwamba maziwa ya asubuhi yasipochemshwa, jioni yameshaharibika. Kinachoharibu maziwa ni vijidudu. Moto wa nyuzi 135 huwaua karibu wote, pamoja na mbegu zao zinazostahimili moto wa kawaida, halafu paketi iliyosafishwa hufungwa pasipo kuingiza wengine. Hakuna kinachobaki cha kuyachachusha. Soma orodha ya viungo vya paketi ya kawaida ya "H-Milch": hutakuta kitu zaidi ya maziwa.

Kinachobadilika ni ladha, inayokuwa kama ya maziwa yaliyochemshwa sana, na vitamini chache za kundi B hupungua. Kalsiamu na protini hubaki vile vile. Ukishafungua paketi, ulinzi wote umeisha: weka kwenye friji na umalize ndani ya siku tatu au nne. Hapo kuna hatari moja watu hawaijui. Maziwa haya yakiharibika hayatoi harufu kali ya uchachu kama yale tuliyozoea, kwa sababu bakteria wa uchachu walishakufa. Usingoje pua ikuambie.

Niyachemshe kabla ya kunywa?

Maziwa yote ya supamaketi niliyotaja hapo juu hayahitaji. Yamekwisha kupita moto unaoua vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, vya homa ya kutupa mimba, na vingine ambavyo mama zetu walivikwepa kwa kuchemsha. Walikuwa sahihi, kwa maziwa yale. Kwa haya, kuchemsha ni suala la ladha na mazoea, na mtu asikucheke ukiendelea kuchemsha.

Na ile mashine ya maziwa ya kwenye shamba la mkulima?

Hapa ndipo kuchemsha kunarudi kuwa lazima. Vijijini utakuta "Milchtankstelle", kibanda chenye mashine: unaweka sarafu, unakinga chupa, maziwa yanatoka baridi moja kwa moja kutoka kwenye tangi la mkulima. Waliotoka Nairobi huyafananisha na mashine za maziwa za mitaani kwao, na huko ndiko kosa linapoanzia. Mashine za kule zinatakiwa kutoa maziwa yaliyokwisha kupitishwa kwenye moto. Hii ya hapa inatoa maziwa mabichi, na sheria inamtaka mkulima abandike maandishi "Rohmilch, vor dem Verzehr abkochen", maana yake yachemshwe kabla ya kutumiwa. Watoto, wajawazito na wazee wasiguse kabla hayajachemka.

Ukiyachemsha, lakini, utapata maziwa mazuri kuliko yote yaliyotajwa kwenye ukurasa huu. Utando unapanda juu mnene, wa kukunjwa kwa kijiko.

Yapi yanafaa chai ya maziwa?

Chukua "Vollmilch". Maziwa ya asilimia 1.5 hutoa chai nyepesi isiyokaa mdomoni, na utaongeza majani na sukari ukitafuta kitu ambacho hakimo. Ukipenda chai iliyochemshwa pamoja, maji na maziwa sufuria moja kama Wakenya wanavyopika, "länger haltbar" ya 3.5 au 3.8 inatosha kabisa, kwa sababu moto wako mwenyewe utafunika tofauti yake na yale ya "traditionell". Hakuna haja ya kulipia zaidi kwa maziwa unayokwenda kuyachemsha dakika kumi. "H-Milch" nayo inatoa chai, yenye utamu fulani wa maziwa yaliyopikwa. Wapo wanaoipenda hivyo.

Sasa tangawizi. Wengi huilaumu paketi kwamba maziwa ya huku "yanakatika" kwenye chai. Mara nyingi kosa ni mpangilio. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini ya maziwa. Itwange, itie kwenye maji kwanza pamoja na iliki na mdalasini, ichemke vizuri dakika tano, kisha tia maziwa. Moto ule unakiua kimeng'enya, na maziwa hayatakatika.

Nimenunua "Buttermilch" nikidhani ni maziwa yenye mafuta mengi. Mbona ni machachu?

Hata mimi niliyatia kwenye chai ya wageni mwezi wangu wa kwanza, nikamwaga sufuria nzima. Neno "Butter" linadanganya. Hiki ni kinachobaki baada ya siagi kutolewa: kimechachushwa, na mafuta yake hayazidi asilimia moja. Kwa chai hakifai, lakini usikitupe, kina kazi kwenye swali linalofuata.

Majirani zake wa rafuni pia huchanganya watu. "Schlagsahne" ni krimu yenye mafuta asilimia 30 au zaidi. "Kondensmilch" ni maziwa mazito yaliyopunguzwa maji, ya kutia tone kwenye kahawa. "Quark" ni jibini laini changa.

Nitapata wapi mtindi kama wa nyumbani?

Kinachokaribia zaidi maziwa mgando ya kwetu, au maziwa lala kama wanavyosema Wakenya, ni "Dickmilch". Huuzwa kwenye vikombe, na si kila duka linayo. "Kefir" ni ya pili, laini na yenye uchachu wa kuwasha kidogo. Maduka ya Waturuki yana "Ayran", ambayo ni nyepesi na ina chumvi, na ndoo kubwa za yogati nzito inayofaa kwa wali na mchuzi. Mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa kwenye kibuyu, hutaipata popote.

Wengi tunatengeneza wenyewe, na hapa lipo jambo linalowakwaza wageni. Nyumbani uliacha maziwa mabichi kwenye chombo yakaganda yenyewe. Maziwa ya supamaketi ukiyaacha hivyo hayagandi vizuri. Yanaoza, yanakuwa machungu na harufu mbaya, kwa kuwa bakteria wazuri wa kugandisha walikufa kwenye moto. Inabidi uwarudishe. Chukua lita moja ya "Vollmilch", iache ifikie joto la chumba, tia vijiko vitatu au vinne vya "Dickmilch" au "Buttermilch", koroga, funika kwa kitambaa, uweke mahali penye joto la nyuzi 20 na kitu. Kesho yake, saa 18 hadi 24 baadaye, yameganda. Yatie kwenye friji ndipo unywe. Kijiko cha mtindi wako kinaanzisha lita inayofuata.

Paketi ya chachu isiwe na neno "wärmebehandelt". Linamaanisha imepashwa moto baada ya kuchacha, na bakteria wake wamekufa. Ukianzisha kwa yogati badala ya "Dickmilch", maziwa yanataka joto la nyuzi 40 hivi kwa saa kadhaa, kwa hiyo yafunge kwenye blanketi au yaweke kwenye chupa ya chai. "H-Milch" inafanya kazi vizuri sana kwa mtindi.

Mbona hakuna utando unaopanda juu?

Kiwandani maziwa husukumwa kwa nguvu kwenye matundu membamba, matone ya mafuta yakavunjwavunjwa yasiweze kukusanyika tena. Paketi huandika "homogenisiert". Anayetaka malai yake atafute "nicht homogenisiert", mara nyingi kwenye chupa za kioo za maduka ya vyakula vya Bio, yaani vya kilimo hai. Tikisa kabla ya kumimina.

Tangu nifike tumbo linanisumbua nikinywa maziwa. Sikuwa hivi nyumbani.

Huenda nyumbani ulikuwa unakunywa maziwa kidogo kwenye chai na mtindi, na huku unakunywa glasi nzima na uji wa nafaka kila asubuhi. Sukari ya maziwa, laktosi, inahitaji kimeng'enya ambacho watu wazima wengi duniani hawana cha kutosha. Afrika Mashariki imechanganyika: utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ukiongozwa na Sarah Tishkoff, uliwapima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan na kukuta kwamba jamii za wafugaji zina mabadiliko yao wenyewe ya urithi yanayowawezesha watu wazima kuyeyusha maziwa, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo Mmasai na Mzaramo wanaoishi chumba kimoja cha bweni wanaweza kunywa paketi moja, mmoja akalala usingizi na mwingine akaamka usiku.

Jaribu "laktosefrei". Ni maziwa ya ng'ombe kabisa. Kimeng'enya kimetiwa kiwandani na laktosi imeshagawanywa, ndiyo maana ni matamu zaidi bila kutiwa sukari. Mtindi nao huwa rahisi kwa tumbo kwa sababu bakteria wamekula sehemu ya laktosi. Maumivu yakiendelea hata bila maziwa, nenda kwa daktari.

Mtoto wangu nimpe yapi?

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu, hata yawe bora namna gani. Ni maziwa ya mama, na yasipokuwepo au yasipotosha, maziwa maalumu ya unga. Kwenye rafu yamepangwa kwa namba. Yaliyoandikwa "Pre" ndiyo yanayofanana zaidi na ya mama, na yanaweza kutumika mwaka wote wa kwanza. Huna haja ya kupanda namba kwa sababu tu sanduku limeandika miezi.

Kuanzia miezi sita hivi, wataalamu wa hapa hukubali "Vollmilch" kidogo, hadi mililita 200 kwa siku, ndani ya uji. Akitimiza mwaka, apewe "Vollmilch" kwenye kikombe. "Kindermilch", maziwa maalumu ya watoto wadogo, za bei ghali hazihitajiki. Taasisi ya serikali ya Ujerumani inayotathmini usalama wa vyakula imelisema hilo waziwazi. Na mkunga wako wa hapa, "Hebamme", yupo kwa ajili ya maswali haya. Mama zetu wengi hawamtumii, nami naumia nikiona hivyo, kwa sababu huduma yake hulipwa na bima.

Maziwa ya bei rahisi ya duka lenyewe ni duni?

Hapana. Angalia alama ndogo ya duaradufu kwenye paketi: ina herufi DE, herufi mbili za jimbo, BY kwa Bavaria au NI kwa Niedersachsen, halafu namba ya kiwanda. Linganisha maziwa ya chapa ya duka na ya chapa inayotangazwa. Mara nyingine utakuta namba moja, yaani yametoka kiwanda kimoja. Alama hiyo inaonyesha yalikosindikwa, haionyeshi ng'ombe alikolishwa. Kwa bei, tazama maandishi madogo kwenye rafu yanayotaja bei ya lita moja. Sheria inalazimisha yawepo.

"Bio", "Weidemilch", "Heumilch": nilipie zaidi?

Mwenye bajeti ya mwanafunzi asijione amekosea akichukua ya kawaida. "Bio" yenye jani la kijani la Ulaya inahusu malisho yasiyotumia dawa za viwandani na ng'ombe kupata nafasi ya nje. "Heumilch" ni ya ng'ombe wasiolishwa majani yaliyochachushwa. "Weidemilch" kwa kawaida ni ya ng'ombe waliokaa malishoni angalau siku 120 kwa mwaka, saa sita kwa siku. Kwa maoni yangu, ukitaka kuongeza senti kadhaa, ziongeze kwa ajili ya ng'ombe. Kwa chai yako hutaonja tofauti kubwa.

Maziwa ya oti na soya?

Kisheria hayaitwi maziwa. Mahakama ya Ulaya iliamua hivyo mwaka 2017, na ndiyo maana paketi huandika "Haferdrink" au "Sojadrink". Tui la nazi limeruhusiwa kubaki na jina "Kokosmilch", na hilo ndilo la kupikia samaki wako.

Kuna kitu kisicho halali kwa Mwislamu kwenye maziwa?

Maziwa yenyewe hayana tatizo. Angalia yogati za vikombe na vitindamlo, ambavyo vingine hutiwa "Gelatine", mara nyingi ya nguruwe. Kwenye jibini tafuta "mikrobielles Lab", kigandishi kisichotoka kwa mnyama.

Tarehe imepita jana. Nimwage?

"Mindestens haltbar bis" ni ahadi ya ubora hadi siku hiyo, kwa paketi iliyofungwa na kuhifadhiwa vizuri. Tazama, nusa, onja kidogo. Yakiwa sawa, yatumie. "Zu verbrauchen bis" ni kitu kingine. Hiyo ikipita, mwaga.

Nimelipa senti zaidi ya bei iliyoandikwa. Kwa nini?

Ni amana ya chupa. Tangu Januari 2024 maziwa yaliyo kwenye chupa ya plastiki ya kutupwa yana amana ya senti 25, na chupa ya kioo huwa na senti 15. Irudishe kwenye mashine ya duka. Paketi za karatasi hazina.

Mama anataka kunitumia samli kutoka nyumbani. Inaruhusiwa?

Hairuhusiwi. Umoja wa Ulaya umezuia wasafiri na vifurushi vya binafsi kuingiza maziwa na vitu vya maziwa kutoka nchi kama zetu, na uwanja wa ndege watakunyang'anya. Mwambie mama asisumbuke na ile chupa aliyoifunga kwa nailoni tatu. Najua uzito wa kumwambia hivyo.

Dukani ipo "Butterschmalz", ambayo ni samli, lakini ladha yake imepoa mno kwa aliyezoea ya kwao. Nunua siagi badala yake, paketi za gramu 250, na usome aina. Nyingi ni "Süßrahm" au "mildgesäuert". Wewe chukua "Sauerrahmbutter", iliyotokana na krimu iliyochachushwa, kwa sababu samli ya kwetu hutoka kwenye maziwa yaliyoganda na uchachu ule ndio unaobeba harufu. Iyeyushe kwa moto mdogo kabisa, usikoroge. Itatoa povu, maji yataisha, na masimbi yatashuka chini yakiwa na rangi ya dhahabu. Harufu ya karanga ikianza kupanda, epua mara moja na uchuje kwa kitambaa safi. Tupia majani mawili ya mrehani ikiwa bado ya moto, kama nyumbani kwenu walikuwa wakifanya hivyo.